Bamvua Ilipotufuata Jukwaani: Uchambuzi wa Kisa cha Vyombo vya Muziki Ufukweni

## Usuli

Kazi ilikuwa ya kawaida kabisa: sherehe ya mama mmoja aliyekuwa anatimiza miaka 60, wageni kama 120, ufukweni upande wa kusini wa Dar es Salaam, Jumamosi moja ya mwezi wa Februari. Muziki kuanzia saa 8 mchana hadi saa 4 usiku. Majina, eneo na mwaka nimeviacha, na mambo mawili matatu yasiyogusa kisa nimeyageuza. Tulikuwa wanne: mwenye vyombo, DJ, mimi niliyekuwa fundi sauti, na kijana wa waya ambaye sote tulimwita dogo.

Vyombo vilikuwa spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani yake, sabufa mbili za inchi 18, kontrola na laptopu ya DJ, mikisa ndogo, na maiki mbili zisizo na waya. Kila sabufa ni kama kilo 40, mzigo wa watu wawili. Umeme tulipewa wa jikoni kwa wenye eneo, na jenereta dogo la petroli tulilikodi liwe akiba.

Kuna mambo mawili ya kushika kabla sijaendelea. La kwanza, tarehe ilichaguliwa na watoto wa huyo mama kwa sababu ya mbalamwezi. Walitaka keki ikatwe jua likizama na watu wacheze mwezi ukiwa mkubwa juu ya maji. Mwezi ulikuwa umetimia usiku wa Ijumaa.

La pili, miezi michache kabla ya hapo tulinyeshewa na mvua za vuli kwenye send-off ya uani, tukapoteza mikisa. Tangu siku ile mwenye vyombo alikuwa na mvua kichwani. Alinunua roli zima la nailoni nzito, akamshonesha fundi makoti ya kila spika. Ukimuuliza lolote kuhusu kazi ya nje, jibu lake lilikuwa moja: "Nailoni ipo."

## Ukaguzi wa eneo

Wenzetu wengi eneo huliona siku ya kazi. Sisi tulikwenda siku nane kabla, Ijumaa, saa 4 na nusu asubuhi, na kwa hilo tulijiona watu makini. Tulikuta maji yamejaa. Nikamuuliza mhudumu mmoja, "Kaka, maji huwa yanaishia hapa?"

"Hapo hapo, si unaona yamejaa."

Hakunidanganya. Nikahesabu hatua 12 kutoka ukingo wa maji kwenda juu, nikachomeka kijiti: spika zisishuke chini ya hapo. Mchanga ulikuwa umefagiliwa vizuri, hauna takataka wala mwani. Wafanyakazi hupitisha reki kila alfajiri ili wageni wakute pwani safi.

Mimi nilipendekeza jukwaa likae juu, chini ya mivinje, muziki uelekee baharini. Binti mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye shughuli, alikataa. Alitaka DJ aipe bahari mgongo, picha zitoke na maji nyuma yake. Mpiga picha akamuunga mkono. Mteja akishasema na mpiga picha akaitikia, fundi sauti anabaki kukunja waya. Tukakubaliana: spika upande wa bahari, zikitazama bara, wageni katikati, chakula juu kwenye mivinje.

Jikoni kulikuwa na breka inayokata umeme unapovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, imeandikwa milliampea 30. Niliibonyeza ikaruka, nikairudisha. Ilinichukua sekunde tano, na katika ziara nzima hakuna kitu kilichokuja kutusaidia kuliko hizo sekunde tano.

## Siku yenyewe: asubuhi hadi saa 10

Kirikuu ilishusha vyombo saa 4 asubuhi. Bahari ilikuwa imekwenda mbali mno, ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga mbichi, watoto wanaokota kaa. Kijiti changu sikukiona. Nikadhani watoto wamekichukua, nikakadiria kwa macho mahali kilipokuwa. Maji yalivyokuwa mbali vile, hatua mbili tatu zilionekana hazina maana.

Tulisimamisha turubai, tukaweka meza, stendi za spika tukazitilia vipande vya ubao chini ya miguu zisizame, na mifuko ya mchanga juu ya miguu kwa sababu ya upepo wa kaskazi. Waya wa umeme, mita 40 kutoka jikoni, tuliufukia mchangani ili watu wasijikwae. Ulikuwa mfupi kidogo, ikabidi tuunge ekstensheni nyingine. Kiungo dogo alikifunga nailoni, akazungushia tepu hadi kikawa kama muhogo, akakifukia kando ya sabufa ya kushoto. Hapo palikuwa pa chini kuliko pote kwenye jukwaa letu.

Tulipowasha mara ya kwanza breka ya jikoni iliruka. Tatizo lilikuwa plagi moja iliyoingia unyevu, tukaibadilisha. Kabla hatujaigundua, dogo alitoa wazo la kuchukua umeme kwenye soketi nyingine ya stoo "isiyo na maringo". Nikakataa. Mwenye vyombo akanisema kwamba nachelewesha kazi.

Saa 8 na nusu muziki ulikuwa umekolea. Saa 9 kasoro spika ya kushoto ikanyamaza, na dakika chache baadaye ya kulia. DJ akapiga kelele, "Umeme mdogo huo!" Mwenye vyombo akaenda kuwasha jenereta. Nikachukua mita: jikoni volti 230, jukwaani 222. Waya wa milimita 1.5 kwa urefu ule na mzigo wetu wa kama ampea 8 lazima upoteze volti kama 8 njiani, na spika hizi hazilalamiki kwa 222. Tulipoteza dakika 20 tukibishana hadi nilipopitisha mkono nyuma ya spika, chini ya koti la nailoni. Mapezi ya alumini yanayotoa joto yalikuwa ya moto kiasi kwamba kiganja hakikai hadi kuhesabu tatu. Jua la Februari juu, spika nyeusi, na koti la nailoni limekumbatia mgongo mzima kwa hofu ya mvua ambayo haikuwa hata na wingu. Spika zilikuwa zimejizima zisiungue.

Tukavua makoti, tukaazima miavuli miwili ya wauza soda, tukaifunga kwenye stendi iwe kivuli. Baada ya robo saa zikarudi zenyewe. MC aliziba pengo kwa vichekesho ambavyo sitavirudia hapa.

## Mzee na mizizi ya mvinje

Saa 10 na dakika chache alipita mvuvi mmoja, mtu mzima, kasia begani. Alisimama akatazama jukwaa, akatazama bahari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wanangu, hapo mmekaa njiani."

"Njia ya nani, mzee?"

"Ya maji. Leo bamvua." Yaani siku ya maji makubwa, yanayojaa na kupwa kupita kawaida.

DJ akamwambia tulikuja kupima na tukaona maji yanapoishia. Mzee akauliza tulikuja lini. Tulipomwambia Ijumaa ya wiki iliyopita, akacheka kidogo. "Yale yalikuwa maji mafu, mwanangu." Yaani maji madogo, yasiyopanda mbali. Kisha akaelekeza kasia nyuma yetu, juu, kwenye mvinje wa kwanza. Mizizi upande wa bahari ilikuwa wazi, imeoshwa, mchanga chini yake umechimbwa kama na jembe. Mvinje ule ulikuwa hatua saba juu ya spika zetu.

Nikageuka kuangalia bahari. Ngalawa zilizokuwa zimelala asubuhi zilikuwa zinaelea.

## Maamuzi ya dakika 20

Nilimwambia mwenye vyombo tuzime, tuhame sasa hivi. Yeye alikuwa na sababu zake, na sio za kijinga: mama alikuwa anajiandaa kuingia rasmi, wimbo wake ulishachaguliwa, wajukuu wamepangwa mistari miwili. Kuzima wakati ule ni kumharibia mtu siku. Akasema, "Wimbo mmoja tu, akiingia tunahama." Nikakubali. Hapo ndipo ninapojilaumu mimi, kwa sababu nilishaiona ile mizizi.

Mama aliingia na wajukuu wake, watu wakasimama, vigelegele. Wimbo haujafika katikati, wimbi moja jembamba, la povu tupu, likapanda taratibu, likapita chini ya meza, likarudi. Wageni wengine walishangilia wakidhani ni sehemu ya shughuli. La pili lilifika kwenye sabufa ya kushoto likazunguka miguu yake. Muziki ukakatika pale pale. Taa za jikoni nazo zikazimika.

Breka ilikuwa imekata. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye muhogo wa dogo.

Mwenye vyombo akasema kwa mazoea, "Dogo, kairudishe." Dogo alikuwa ameshaanza kukimbia. Nilimfuata hadi jikoni, nikachomoa plagi yetu mwenyewe, nikaishika mkononi, nikarudi nayo jukwaani ili kila mtu aione. Kulikuwa na watoto wasio na viatu kwenye mchanga ule ulioloa.

Kuhama kulianza kwa vurugu. Watatu kati yetu tulikimbilia kitu kile kile: laptopu na kontrola. DJ alibeba laptopu kama mtoto mchanga. Vyote viwili vilikuwa juu ya meza, karibu mita moja kutoka chini, na vingeweza kukaa pale robo saa nyingine bila kuguswa na tone. Sabufa zilizokuwa chini hakuna aliyezigusa kwa dakika tatu au nne nzima. Ya kulia tuliiwahi. Ya kushoto ilipigwa mawimbi mawili zaidi, na tulipoifikia dogo akaiburuta peke yake, ikala mchanga kwenye tundu la hewa.

Akina mama hawakungoja umeme. Walianza kuimba kwa makofi na sahani, mama mwenyewe katikati, na kwa dakika 40 sherehe iliendelea bila sisi.

## Matokeo

Saa 11 na robo tulikuwa tumefunga upya chini ya mivinje, spika mbili na sabufa moja, waya mpya usio na kiungo umepita juu ya matawi. Maji yalifika karibu kabisa na mizizi ile, yakatulia, yakaanza kurudi. Mbalamwezi ilikuwa nzuri kama walivyotaka. Tulimaliza saa 4 usiku bila tatizo jingine.

Mwenye shughuli alikata shilingi 100,000 kwenye malipo. Mwenye vyombo alinung'unika kwamba ni yeye binti aliyetaka jukwaa kule, lakini hatukuwa tumeandika popote kwamba mahali pa vyombo ni uamuzi wa nani.

Hasara ya vyombo usiku ule ilionekana ndogo: ekstensheni moja, kiungo kimoja, na sabufa iliyoloa. Jumapili mwenye vyombo aliianika juani kutwa nzima. Jumatatu akaiwasha, ikaunguruma kama kawaida. Akanipigia simu kunicheka kwamba nilimtisha bure. Baada ya wiki mbili ilikufa katikati ya harusi ya watu wengine. Tulipoifungua, ubao wa amplifaya ulikuwa na ukungu wa kijani kwenye miguu ya vipuri, na njia moja nyembamba ya shaba ilikuwa imeliwa kabisa.

## Uchambuzi

Tulipima maji siku ambayo hayakuwa na nguvu. Hili ndilo kosa mama, na linauma kwa sababu lilifanywa na watu waliojitahidi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukitimia. Maji mafu huja katikati, mwezi ukiwa nusu. Pwani ya Dar es Salaam, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na wakati wa maji mafu inaweza kushuka hadi karibu mita 1. Kwa hiyo "maji yamejaa" tuliyoyaona Ijumaa ile yalikuwa chini kwa kama mita moja kuliko ya siku ya sherehe. Mita moja ya kimo si nyingi ukutani, ila kwenye mchanga unaoteremka taratibu ni hatua 15 hadi 20 za kutembea. Mimi nilijipa 12.

Saa nazo zilitupoteza. Wakati wa bamvua kwetu huku, maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Wiki moja baadaye yamegeuka, yanajaa asubuhi. Ndiyo maana siku ya ukaguzi tulikuta yamejaa asubuhi, na siku ya kazi, muda ule ule wa asubuhi, tukakuta pwani pana kama uwanja wa mpira. Mtu anayefunga vyombo saa 4 asubuhi siku ya mwezi mpevu anaiona bahari ikiwa mbali kuliko itakavyokuwa saa nyingine yoyote ya mchana huo. Na siku za mwezi mpevu ndizo watu wanazozipenda kwa sherehe za ufukweni. Mteja anayekuomba mbalamwezi amekuomba na bamvua, hata kama hajui.

Dalili zilikuwepo. Kijiti kilichopotea kilikuwa kimebebwa na maji, sio na watoto. Mstari wa mwani mkavu, ambao ndio kipimo cha bure cha mahali maji yalipofika jana, ulikuwa umefagiliwa na reki. Baada ya hapo ilibaki miti, na miti hatukuitazama. Mhudumu tulimuuliza swali bovu. Badala ya "huwa yanaishia hapa?" tungeuliza "Jumamosi ijayo, mwezi 15, saa 10 jioni yatakuwa wapi?" Nadhani hata yeye angekwenda kumuuliza mvuvi.

Nailoni ilikuwa jibu la swali la msimu uliopita. Sibezi nailoni. Kwa mvua ya ghafla ni nzuri, mradi ikae imekunjwa karibu, ifunike juu na mbele tu, na mgongo wa spika upumue. Sisi tuliivisha tangu asubuhi kwa sababu ya kidonda cha mikisa, tukasababisha joto lililozima spika, na joto likatupotezea dakika 20 tukisingizia umeme. Kumbuka pia kwamba wote tulikuwa tunatazama juu. Turubai juu, nailoni juu, macho kwenye mawingu. Maji yalikuja kwa chini, na chini tulikuwa tumefukia kiungo cha umeme. Tepu na nailoni havizuii maji ya bahari yanayosukumwa. Hata mvua kubwa isiyo na bahari ingekifikia kiungo kilicholala shimoni. Kiungo huning'inizwa au hukalishwa juu ya kreti. Bora zaidi, nunua waya unaotosha.

Breka ilifanya kazi iliyowekewa. Ilihisi umeme unaopotelea mchangani ikakata kabla mtu hajaumia. Kama asubuhi tungehamia soketi ya stoo, au kama mwenye vyombo angeng'ang'ania jenereta wakati wa ule ubishi wa joto, sijui ningekuwa naandika nini. Jenereta nyingi ndogo zinazokodishwa hazina breka ya aina hiyo, na hata ukiongeza yako, bila kufungwa inavyotakiwa pamoja na waya wa ardhini inaweza isikate. Siku hizi natembea na yangu ndani ya boksi, na ikiruka mara moja naitafuta sababu hadi niipate. Kule kuchomoa plagi na kuishika mkononi watu walinicheka baadaye, lakini ukiacha breka imekatwa tu, atapita mwenye nia njema airudishe.

Tuliokoa cha bei badala ya cha chini. Hatukuwa tumepanga nani anashika nini, kila mtu akafuata moyo wake, na moyo wa kila mtu ulikuwa kwenye laptopu. Mpangilio ulipaswa kuwa: umeme kwanza, kisha vilivyogusa ardhi kwa uzito wake, watu wawili wawili, kisha vya mezani. Tungeamua hivyo saa 7 mchana tukila wali, sabufa ingepona. Na hata bila kuhama, kreti mbili za soda chini ya kila sabufa zingetupa dakika kumi.

Jua halitoi chumvi. Maji ya bahari yakikauka ndani ya chombo, chumvi inabaki, na hewa ya Dar ilivyo na unyevu, ile chumvi inayavuta maji tena usiku na kuendelea kula shaba. Chombo kikiwaka baada ya kuanikwa, mtu anadhani kimepona. Kilichotakiwa ni kutokiwasha kabisa, kukifungua siku ile ile au kesho yake, ubao wa amplifaya kuosha kwa maji safi yasiyo na chumvi, ya betri yakipatikana, halafu kwa spiriti kali ya kusafishia, kupiga brashi laini, na kuuacha ukauke siku kadhaa mbele ya feni. Hapo nilimwambia mwenye vyombo mara moja, kwa simu, sikurudia. Alikuwa amechoka na alikuwa na hasira na mimi kwa ile plagi.

Sabufa bado iko kwa fundi. Spika yenyewe ya inchi 18 ni nzima, koni haina hata mkwaruzo, mchanga umeshapulizwa ukatoka. Ubao ndio unasubiri vipuri, na fundi ametaja shilingi 380,000. Mwenye vyombo anasema nusu ilipwe na mwenye shughuli, mwenye shughuli anasema alishakata 100,000 yake na hadaiwi. Wiki iliyopita tumepata kazi nyingine ya ufukweni, mwezi utakuwa na siku 6 tangu uandame. Nimeomba tukaangalie eneo mara mbili, na nimeomba namba ya yule mzee.